Safari ya Kwenda Kutazama Nyangumi

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamemjua nyangumi tangu zamani za kale. Wavuvi waliokwenda mbali nyuma ya miamba walimwona akitoa pumzi yake juu ya maji kama moshi, wakageuza vyombo vyao wampishe. Wengine waliokota ambari ufukoni, wakaiuza kwa wafanya biashara waliokuja na pepo za msimu. Al-Masudi, msafiri wa Kiarabu aliyefika pande hizi karibu na mwaka 916, aliandika habari za ambari ya pwani hii. Ambari hiyo hutoka tumboni mwa nyangumi wa aina moja, mwenye kichwa kikubwa cha mraba, akaaye katika vilindi. Lakini nyangumi anayekaribia pwani kila mwaka ni wa aina nyingine, naye huitwa nyangumi mwenye nundu, kwa sababu huukunja mgongo wake kama nundu anapozama.

Siku hizi watu hufunga safari kwenda kumtazama. Safari hiyo si ya kukurupuka. Asiyejua majira ya nyangumi, wala ya pepo, wala ya maji kupwa na kujaa, aweza kupoteza fedha yake bure, au kumdhuru mnyama aliyekuja kumtazama, au kupoteza roho yake mwenyewe. Kwa hiyo yafaa kuyajua mambo haya moja moja.

NYANGUMI NI MNYAMA GANI

Kwa kuwa nyangumi hukaa majini siku zote, na umbo lake lafanana na la samaki, watu wengi humdhania kuwa ni samaki. Lakini yeye si samaki hata kidogo. Damu yake ina joto. Hana matamvua, bali ana mapafu kama ng'ombe na kama mtu. Basi hana budi kupanda juu ya maji ili avute pumzi. Huzaa ndama, wala hatagi mayai, na ndama hunyonya maziwa ya mamaye. Tena mkia wa samaki husimama wima na kupiga upande kwa upande, bali mkia wa nyangumi hulala kama ubao na kupiga juu na chini. Mtu akiutazama mkia tu, hujua mara moja kama amwonaye ni samaki au ni nyangumi.

Kwa sababu hiyo papa potwe, aonekanaye katika maji ya Mafia kati ya Oktoba na Machi, si nyangumi, ijapokuwa ni mkubwa sana na wageni humchanganya naye. Papa potwe ni samaki, hupumua kwa matamvua, na mkia wake umesimama wima.

Nyangumi mwenye nundu akikomaa hupata urefu wa mita 12 hata 16, na uzito wake ni tani 25 hata 35, yaani sawa na ndovu watano au sita wakubwa. Mapezi yake mawili ya mbele ni marefu mno, kadiri ya theluthi ya mwili wake. Hana meno. Kinywani mwake zimening'inia safu za mabamba yenye nyuzi, mfano wa kitana kikubwa. Huvuta maji mengi kinywani, kisha huyasukuma nje kwa ulimi, na vile viumbe vidogo vilivyomo hunaswa katika nyuzi kama unga unavyonaswa katika chekeche.

SAFARI YAKE YA KILA MWAKA

Chakula cha nyangumi hao ni viumbe wadogo mfano wa uduvi, nao hawapatikani kwa wingi katika bahari ya joto. Hukaa mbali sana kusini, katika bahari ya barafu inayolizunguka bara la Antaktika. Huko, kati ya Desemba na Machi, uduvi hujaa baharini kama mawingu. Nyangumi hula usiku na mchana, na mmoja aweza kula hata tani moja kwa siku. Mafuta hujijenga chini ya ngozi yake, yakawa tabaka nene.

Kipupwe kikikaribia huko, nyangumi huanza kusafiri kwenda kaskazini. Wengine hufuata pwani ya Afrika Kusini, wakapita Msumbiji, wakafika Tanzania na Kenya. Kutoka bahari ya barafu mpaka Watamu, mji mdogo wa Kenya ulio karibu digrii tatu kusini ya ikweta, ni zaidi ya kilometa 6,000. Husafiri njia hiyo kwenda, na njia hiyo hiyo kurudi, kila mwaka.

Sababu ya safari ndefu namna hii ni uzazi. Ndama huzaliwa na urefu wa mita 4 na zaidi, naye hana mafuta ya kutosha kumkinga na baridi kali. Katika maji ya joto aweza kunyonya na kukua kwa salama. Mama huchukua mimba karibu mwaka mzima, na aghalabu huzaa mara moja katika miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo kila ndama ana thamani kubwa kwa kabila lake.

Hapa pana jambo ambalo kila mwenye kufunga safari sharti alishike sana. Katika bahari ya joto mama hali chakula, au hula kidogo tu. Maziwa yake yana mafuta mara nyingi kuliko maziwa ya ng'ombe, na mafuta hayo yote hutoka katika akiba aliyokuja nayo. Yeye ni kama mkulima aliyefunga ghala lake, na mavuno mengine hayapo mpaka miezi kadha ipite. Kila pishi litokalo ghalani halirudi. Mashua ikimfukuza akakimbia, hupoteza nguvu ambazo hana pa kuzipata tena, na atakayepungukiwa ni ndama.

JINSI WALIVYOPUNGUA NA JINSI WALIVYORUDI

Katika karne ya ishirini meli za kuwinda nyangumi zilikuwa na mitambo yenye nguvu na mizinga ya kurushia chusa. Mafuta yake yalitumiwa kwa taa, sabuni na siagi ya kupaka mkate. Katika nusu ya kusini ya dunia peke yake nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 waliuawa katika karne hiyo. Mahali walipokuwa wengi, walibaki wachache.

Mwaka 1946 mataifa yalifanya mapatano, na kwa mapatano hayo ikaundwa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi. Mwaka 1963 uwindaji wa nyangumi wenye nundu katika nusu ya kusini ya dunia ulikatazwa. Hata hivyo meli za Kisovieti ziliendelea kuwaua kwa siri, na habari hiyo haikufunuliwa mpaka miaka ya 1990. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi. Mwaka 1982 Tume ilikata shauri kusimamisha uwindaji wote wa biashara, na amri hiyo ikaanza kushika katika msimu wa mwaka 1985 na 1986. Nchi chache hazikuifuata, lakini nyingi zilitii.

Nyangumi huzaa polepole, basi kurudi kwao kulikuwa kwa polepole. Lakini wamerudi. Leo kijana wa Watamu aweza kuona kwa macho yake, akiwa juu ya mwamba wa ufukoni, jambo ambalo babu yake huenda hakuliona mara nyingi.

KUCHAGUA MWEZI

Na iwe mfano huu: shule moja ya bara yataka kupeleka wanafunzi 20 na walimu wawili kwenda Watamu kutazama nyangumi. Neno la kwanza la kuuliza ni, Waende mwezi gani?

Nyangumi huanza kufika katika maji ya Kenya mwezi wa Julai, na wengi wao huwa wameondoka Oktoba ikiisha. Atakayekwenda Desemba au Februari, wakati bahari imetulia na kaskazi yavuma taratibu, hatamwona nyangumi mwenye nundu hata mmoja. Wote wako kusini, wanakula.

Lakini miezi ile ile ya nyangumi ndiyo miezi ya kusi. Upepo wa kusi huvuma kwa nguvu mwezi wa Juni, Julai na Agosti, na mawimbi nje ya mwamba huwa makubwa. Huu ndio ugumu wa safari hii: mgeni mwenyewe huja wakati mlango umefungwa. Mwenye kupanga hana budi kutafuta siku ambazo nyangumi bado wapo, na upepo umeanza kupungua. Siku hizo aghalabu ni za mwezi wa Septemba na mwanzo wa Oktoba. Agosti nayo yafaa, ila sharti ziwekwe siku mbili au tatu za akiba, ili upepo ukizidi leo, watu waende kesho.

Pana sababu ya kuchagua Watamu. Mbele yake sakafu ya bahari huteremka upesi, hata maji ya kina kirefu hayako mbali na nchi kavu, na nyangumi hupita karibu. Tena hapo, na Malindi jirani yake, yaliwekwa mapori ya baharini tangu mwaka 1968, na wenyeji wengi hujua kuongoza wageni. Mahali pengine penye nyangumi katika majira hayo ni upande wa kusini wa kisiwa cha Unguja.

KUCHAGUA SIKU NA SAA

Mwezi umekwisha chaguliwa. Sasa ni siku. Watu wa bara mara nyingi husahau jambo hili, lakini mvuvi hulianza kwanza. Maji ya bahari hupwa na kujaa mara mbili katika mchana na usiku. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake huweza kupata mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana.

Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa yapata saa kumi au kumi na moja alfajiri, na hupwa kabisa yapata saa nne au saa tano mchana. Siku za maji mafu ni kinyume chake: yapata saa nne au saa tano mchana ndiyo saa ya maji kujaa.

Sasa fikiri. Upepo wa kusi aghalabu huwa mdogo asubuhi, na huongezeka jua likipanda. Kwa hiyo mashua hutoka mapema, kama saa kumi na mbili na nusu, ikarudi saa nne na nusu au saa tano. Kama siku hiyo ni ya bamvua, mashua itatoka maji yakipwa, na saa ya kurudi itakuta miamba imechomoza na mlango wa kupita ni mwembamba, mawimbi yakivunjika pande zote mbili. Lakini kama siku hiyo ni ya maji mafu, mashua itarudi pamoja na maji yanayojaa, nayo itapita juu ya mwamba kwa salama. Basi shule yetu ya mfano itatazama kalenda ya mwezi, itachagua siku ya nane au ya tisa tangu mwezi kuandama, au siku ya ishirini na tatu na zinazofuata, na nahodha atahakikisha kwa kitabu cha majira ya maji.

Jambo la mwisho ni hewa. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa habari za upepo na mawimbi kwa ajili ya wavuvi na mabaharia. Nahodha huzisikiliza jioni, kisha huamka alfajiri akatazame bahari mwenyewe. Kama asemavyo mwenye chombo ndivyo ifanywavyo. Fedha iliyokwisha kulipwa si sababu ya kwenda baharini.

MASHUA NA WATU

Mashua ya kufaa ni yenye mtambo mzuri, na tena mtambo wa pili wa akiba. Yenye dira, simu au redio, nanga na kamba ndefu, kata ya kufulia maji, na sanduku la dawa. Sharti iwe na cheti cha kukaguliwa kutoka Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na hesabu ya abiria iliyoandikwa katika cheti isizidishwe hata kwa mtoto mmoja. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, avae jaketi ya kuokolea maisha kabla ya mashua kuondoka. Wala asiikalie kama mto. Jaketi iliyokunjwa chini ya kiti haimwokoi mtu.

Tuchukue ya kuwa mashua yaruhusiwa abiria 12. Watu wa shule ni 22. Haraka ya kwanza itasema, Zitwaliwe mashua mbili, waende wote siku moja. Lakini mashua mbili zikimwendea nyangumi mmoja humsumbua kuliko moja, na mwalimu mwenye busara hugawa watu mafungu mawili, wanafunzi 10 na mwalimu mmoja katika kila fungu. Siku ya kwanza fungu moja laenda baharini, na fungu la pili lakaa juu ya mahali palipoinuka ufukoni, na darubini na daftari, likiandika kila moshi wa pumzi litakaouona, saa yake na upande wake. Siku ya pili hubadilishana. Hivyo hakuna aketiye bure, na jioni daftari mbili hulinganishwa.

Kila msafiri achukue maji ya kunywa, kofia ya kufungwa, nguo ya mikono mirefu, na sweta, kwa maana upepo wa asubuhi ni wa baridi. Asubuhi ale chakula kidogo kikavu, wala asiache kula. Mwenye kulevywa na bahari hufaidiwa na tangawizi. Na akianza kuona kizunguzungu, aketi katikati ya mashua karibu na tezi, atazame upeo wa bahari, wala asiangalie chini.

NAMNA YA KUMTAFUTA

Katika bahari iliyo wazi nyangumi haonekani kama kisiwa, kama watoto wengi wanavyodhani. Kitu kinachoonekana kwanza ni pumzi yake. Akipanda juu hutoa pumzi kwa nguvu kwa matundu yaliyo juu ya kichwa, na mvuke hupanda mita 3 au zaidi, kisha hupotea. Kwa hiyo wanafunzi hugawiwa pande: wawili omo, wawili tezi, na wengine ubavuni, kila mmoja akitazama sehemu yake tu bila kurukaruka na macho. Aonaye kitu hapigi kelele, bali hunyosha mkono na kusema upande.

Mkubwa huweza kukaa chini ya maji dakika 5 hata 15, na pengine zaidi. Ndama hawezi, hupanda kila baada ya dakika chache. Basi kama pumzi ndogo yaonekana mara kwa mara karibu na kubwa, nahodha hujua ya kuwa ni mama na mtoto.

Wakati mwingine nyangumi huruka, karibu mwili wote ukatoka majini, kisha akaanguka kwa kishindo kisikiwacho mbali. Wakati mwingine huinua mkia kabla ya kuzama. Upande wa chini wa mkia huo una madoa meusi na meupe, nayo hayafanani kwa nyangumi wawili, kama vile alama za vidole vya watu zisivyofanana. Wataalamu hupiga picha za mikia, wakazilinganisha, na hivyo hujua ya kuwa nyangumi aliyeonekana hapa mwaka huu ndiye yule aliyeonekana mahali pengine mwaka mwingine. Picha nzuri iliyopigwa na mwanafunzi yaweza kuwa na faida kwa elimu hiyo.

Tena nyangumi dume huimba. Mwaka 1971 Roger Payne na Scott McVay walieleza ya kuwa sauti zake si kelele tu, bali ni wimbo wenye mafungu yanayofuatana na kurudiwa kwa taratibu. Ikiwa mashua ina chombo cha kusikilizia chini ya maji, na mtambo umezimwa, wimbo huo husikika wazi.

ADABU YA KUMKARIBIA

Mtu apitaye mlangoni mwa mwenziwe hupiga hodi, wala haingii kwa kishindo. Vivyo hivyo kwa nyangumi. Katika nchi nyingi kanuni ni kutomkaribia zaidi ya mita 100, na akiwa na ndama umbali huzidishwa. Huko Australia ni mita 300. Mashua isimjie kwa mbele, maana humzibia njia, wala kwa nyuma, maana humfanya akimbie. Iende polepole sambamba naye, ubavuni, bila kubadili mwendo ghafula. Isiingie kati ya mama na mtoto kwa hali yo yote. Nyangumi akija mwenyewe karibu, mtambo huachwa bila kusukuma mpaka apite. Watu wasijitose majini. Nusu saa ikiisha, mashua huondoka.

Ubaya wa kutofuata kanuni hizi umekwisha kuonekana. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wageni walianza kwenda kwa wingi kuwatazama pomboo katika miaka ya 1990. Mashua zikawa nyingi, zikiwafukuza pomboo na kuwazunguka. Wataalamu waliochunguza jambo hilo waliona ya kuwa mashua zikiwapo, pomboo hupumzika kidogo, hula kidogo, na hutumia wakati mwingi zaidi kwa kwenda huku na huku. Mnyama asiyepata kula wala kupumzika hudhoofika, na mwisho wake huhama. Basi pomboo wakihama, nahodha naye hukosa riziki, na mwenye nyumba ya wageni, na mama auzaye vitumbua. Aliyeharakia faida ya leo amekata mti akaliao.

Rudi kwa mfano wa shule. Tuseme ya kuwa saa tatu asubuhi fungu la kwanza limemwona mama na ndama, mbali kiasi cha mita 400. Wanafunzi wamesafiri siku nzima kutoka bara. Wazazi wao wametoa nauli. Nao wataka kusogea. Nahodha asogea kidogo, kisha apunguza mtambo. Mama ageuka, ajiweka kati ya mashua na mtoto wake, na kuongeza mwendo. Hiyo ni ishara iliyo wazi. Nahodha mwema hamfuati. Aacha mashua ielee, na watu watazama kwa darubini mpaka pumzi zile mbili, kubwa na ndogo, zipotee upande wa kaskazini. Wanafunzi wengine watasikitika. Lakini akiba ya mafuta ya mama yule haikutumika bure, na mwanafunzi akielezwa hesabu ile ya ghala ataelewa kwa nini safari iliishia hapo.

Yaweza kuwa hivi pia: mashua ikatoka, upepo ukazidi kabla ya saa mbili, na nahodha akageuza omo kuelekea nyumbani pasipo kuonekana hata pumzi moja. Hilo nalo lisihesabiwe kuwa ni hasara tupu. Wazee walisema, Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Safari iliyo njema kupita zote ni ile ambayo watu wote waliotoka wamerudi. Na siku za akiba ziliwekwa kwa ajili hiyo hiyo.

FAIDA YA SAFARI

Wavuvi wa pwani wana neno lao katika jambo hili. Nyangumi akinaswa katika jarife, wavu huharibika, na mnyama aweza kufa kwa kukosa pumzi. Mvuvi hupoteza chombo cha kazi yake, na bahari hupoteza mzazi. Lakini mvuvi ajuaye majira ya nyangumi aweza kuepuka njia zao, na mvuvi huyo huyo, akiwa na mashua nzuri na cheti, aweza kupata ujira kwa kuongoza wageni wakati kusi yazuia uvuvi mwingi. Elimu yake ya pepo, ya nyota na ya maji ndiyo mali wageni wanayoinunua.

Na mwanafunzi hurudi bara akiwa na daftari yenye tarehe, saa, upande wa upepo na hesabu ya pumzi alizoziona. Daftari hiyo yafaa ihifadhiwe shuleni. Mwaka ujao wengine watakwenda, na mwaka wa kufuata wengine tena. Na baada ya miaka kumi shule itakuwa na habari ambazo hakuna mgeni awezaye kuzikusanya kwa siku moja. Nyangumi nao watapita, kwenda na kurudi, muda wote watakapoachiwa njia.

MASWALI

1. Taja mambo matatu yanayoonyesha ya kuwa nyangumi si samaki.
2. Kwa nini nyangumi husafiri zaidi ya kilometa 6,000 kuja bahari ya joto, na hali chakula chake kiko bahari ya baridi?
3. Eleza kwa nini mtu aendaye Watamu mwezi wa Februari hataona nyangumi mwenye nundu.
4. Mwezi uliandama jana. Je, kesho yafaa kutoka baharini asubuhi na kurudi saa tano? Toa sababu.
5. Shule ina wanafunzi 33 na walimu 3. Mashua yaruhusiwa abiria 12. Wagawe mafungu mangapi, na safari itachukua siku ngapi ikiwa mashua moja tu hutoka kila siku? Ongeza siku mbili za akiba.
6. Mama wa nyangumi amefananishwa na nani? Eleza mfano huo kwa maneno yako mwenyewe.
7. Andika barua kwa nahodha, ukimwuliza mambo matano unayotaka kuyajua kabla ya kukubali kupanda mashua yake.